Ukurasa Wenye Dalali

Sisi wahakiki tuna tabia moja ya ajabu. Tukipewa kitabu tunasoma maneno yaliyomo, tunahesabu vina na mizani, tunasaka dhamira, tunagombana juu ya fani na maudhui mpaka chai inapoa, halafu tunakifunga. Hakuna anayeuliza karatasi ililipiwa na nani. Kwa kitabu labda si neno, maana kitabu kikishatoka mtamboni kimetoka. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizisoma tovuti za hip hop za Marekani, zile ambazo wafanyabiashara wa huko waliziweka katika fungu la "utamaduni wa mjini", na nimefikia uamuzi kwamba huwezi kuzihakiki bila kumhakiki pia aliyenunua nafasi ya pembeni mwa maandishi. Makala haya ni jaribio la kufanya hivyo. Washikaji mtakaosema kwamba hii si fasihi, ngojeni kwanza.

Nianze na neno lenyewe. Neno "mjini", kwa maana ile ya Kimarekani ya urban, halikuzaliwa mtaani. Katika miaka ya 1970 mtangazaji Frankie Crocker wa kituo cha WBLS, New York, ndiye aliyelipa umaarufu katika redio: muziki wa Weusi ukaitwa muziki wa kisasa wa mjini. Lilikuwa jina la kiungwana, na kazi yake hasa ilikuwa sokoni. Mwenye kuuza sabuni aliyesita kununua tangazo katika "redio ya Weusi" angeweza kulinunua katika "redio ya mjini" bila midomo kumtetemeka. Basi tangu mwanzo lilikuwa neno la watu wa matangazo, tena la kufichia kitu. Kampuni ya muziki ya Republic iliacha kulitumia Juni 2020, wakati maandamano yamejaa barabarani, na wengi wakapiga makofi. Mimi nilijiuliza: kama neno limeondoka, je, hesabu iliyokuwa nyuma yake nayo imeondoka?

Maana hesabu hiyo ilikuwapo, na imeandikwa. Mwaka 1999 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa utafiti wa Kofi Ofori kuhusu redio za Weusi na za wasemao Kihispania. Kilichoonekana ni kwamba kituo kinaweza kuongoza kwa wasikilizaji na bado kikalipwa chini ya kituo kilichokiburura mkia. Mawakala wa matangazo walikuwa wakipewa maagizo na wateja wao: vituo vya mjini, usipeleke kitu. Mwaka mmoja nyuma, waraka wa ndani wa kampuni ya Katz iliyokuwa ikiuza muda wa redio ulikuwa umevuja, ukiwafundisha wauzaji namna ya kumshawishi mteja aone kwamba wasikilizaji wa vituo vile ni watu wa kushukiwa zaidi kuliko watu wa kununua. Soma tena sentensi hiyo polepole. Mwizi na mteja wanatofautishwa kwa aina ya muziki wanaousikiliza!

Sasa ingia intaneti. Tarehe 27 Oktoba 1994 gazeti la mtandaoni la HotWired lilianza kuonyesha mabango ya matangazo, moja likiwa la kampuni ya simu ya AT&T, na hapo ndipo wengi wanapoanzia historia ya bango la kubofya. Miaka michache baadaye vijana wa hip hop nao wakafungua vibanda vyao: SOHH mwaka 1996, AllHipHop mwaka 1998, Okayplayer mwaka 1999. Vilikuwa vibanda kweli. Watu wawili, kompyuta moja, habari za nani katoa nini na nani kamtukana nani. Wasomaji walikuwepo tele, ila mwenye kibanda hana njia ya kufika mezani kwa mkurugenzi wa kampuni ya viatu. Hata akifika, mkurugenzi hana muda wa kuandika mikataba mia mbili na vibanda mia mbili.

Hapo ndipo anapoingia dalali. Ninaposema dalali mnamjua. Anayetafuta chumba Sinza au Magomeni lazima apite kwake. Kampuni inayoitwa mtandao wa matangazo ni dalali tu. Anakusanya nafasi tupu za tovuti nyingi, anazifunga pamoja kama mchuuzi afungavyo mafungu ya mchicha, anampelekea mwenye pesa na kumwambia: hawa hapa vijana milioni kadhaa wa mjini, wanaume, wenye kupenda viatu. Mwenye pesa analipa kwa kila mara elfu ambayo bango limeonekana. Dalali anakata chake, kinachobaki kinakwenda kibandani. Tuseme kwa mfano wa hesabu tu: elfu moja inalipa dola 2, kibanda kinaonyesha mabango elfu hamsini kwa siku, hizo ni dola 100, dalali akichukua 40, kibanda kinalala na 60. Si haba. Kwa watu wawili na kompyuta moja hiyo ni kodi ya nyumba.

Sitaki kumchora dalali kama shetani. Pesa zile zililisha waandishi ambao hakuna gazeti kubwa lililowataka. Ziliwezesha mtu kukaa wiki nzima akiandika juu ya albamu moja, kwa lugha ya watu walioitengeneza albamu ile, bila kumfafanulia mhariri wa kizungu maana ya kila neno. Kabla ya hapo njia nyingine iliyojaribiwa ilikuwa ya kibosile: Russell Simmons alifungua 360hiphop mwaka 2000 kwa kishindo na pesa za wawekezaji, na kabla mwaka haujaisha ikawa imeuzwa kwa BET. Vibanda vidogo vilivyojibana na mabango yao viliendelea kuishi. Hilo lazima tulikubali kabla ya kulaumu.

Lakini mhakiki kazi yake ni kuangalia umbo, kwa hiyo tuangalie umbo.

Chukua Complex. Lilianza kama jarida la karatasi mwaka 2002, likianzishwa na Marc Eckō, mtu wa mavazi. Mwaka 2007 likageuka dalali: likaanzisha mtandao wake, likazikusanya chini ya mwavuli mmoja tovuti za viatu, za rapu, za michoro ya ukutani, za mavazi, baadhi zikiwa mali yake na nyingine mali za watu. Blogu za nyimbo kama NahRight na 2DopeBoyz zikaingia humo. Ukifungua ukurasa wakati ule, tangazo halikukaa pembeni kama mgeni mwenye adabu. Lilifunika ukuta wote nyuma ya maandishi, kulia na kushoto, filamu mpya au chupa ya pombe kali, na makala yakawa yamesimama katikati kama mtu aliyepanga chumba sebuleni kwa watu.

Kisha kuna orodha. Viatu hamsini bora, mistari ishirini na mitano mikali, albamu mia za muongo. Watu walidhani ni uvivu wa waandishi, nami sikubali. Ni umbo lililozaliwa na malipo kwa kila elfu. Orodha ya vitu hamsini, kila kitu kikiwa na ukurasa wake, ni mabango hamsini kwa msomaji mmoja. Kwa hiyo kitufe cha kusonga mbele kikawa ndicho kibwagizo cha utanzu huu. Katika shairi kibwagizo kinakurudisha kwenye hoja, mtu anapumua, hadhira inaitikia. Hapa kila ukifika mwisho wa ubeti unabofya, bango linapita, unapata aya mbili nyingine, unabofya. Hakuna hoja inayojengwa kutoka kitu cha kumi na saba hadi cha kumi na nane, kwa sababu mwandishi anajua kwamba msomaji anaweza kuondoka popote, na anajua pia kwamba kule aondokako si muhimu mradi amebofya. Nimesoma orodha ambazo ndani yake kulikuwa na aya nzuri mno, aya za mtu anayeupenda muziki kwa moyo wake wote, zimezikwa kwenye namba 34 kama sarafu iliyodondoka kwenye mchanga wa Coco Beach. Mwandishi mzuri alikuwepo. Alichokosa ni ukurasa wa kutosha kusema jambo moja mpaka mwisho.

Na ubishi! Ukitaka watu warudi mara tatu kwa siku, mpange msanii wanayempenda namba ya sita. Ukali uliokuwa sifa ya uhakiki wa hip hop, ule wa kijiweni ambapo mtu anaitetea kauli yake mbele ya wenzake waliomkodolea macho, ulikuja kutumiwa kama chambo. Mhakiki wa kijiweni akisema uongo anazomewa. Mhakiki wa kulipwa kwa elfu, uongo wake ukizomewa, ofisini wanafurahi.

Bei za baadaye zinasimulia zenyewe thamani ya vitu. Verizon na Hearst walilinunua Complex mwaka 2016, na karatasi ikazimwa mwaka huohuo. BuzzFeed wakalichukua mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 300. Februari 2024 wakaliuza kwa kampuni ya NTWRK kwa dola milioni 108.6, wakabakiza kipindi cha video cha watu maarufu wanaohojiwa huku wakila kuku wa pilipili. Desemba mwaka huohuo kipindi hicho na kampuni yake vikauzwa kwa dola milioni 82.5. Yaani kuku mwenye pilipili alikaribia bei ya maktaba nzima ya miaka ishirini. Sina ugomvi na kuku, kipindi chenyewe ni bomba. Lakini angalia aliyenunua Complex: NTWRK ni watu wa kuuza bidhaa moja kwa moja kwenye simu. Kibanda kilichoanza kwa kukodisha ukuta kwa wauza viatu kimeishia kuwa duka la viatu.

Kuna mwaka mmoja ambao kwangu ndio kiini cha habari hii yote, nao ni 2011. Naomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo.

Wakati ule nyimbo mpya za rapu zilikuwa zinatokea kwanza kwenye blogu. Studio inamaliza wimbo, mtu wa kampuni ya muziki anautuma kwa barua pepe kwa mwenye blogu, mwenye blogu anaupandisha, vijana wanaupakua, wimbo unazungumzwa. Kila mtu alijua. Hata hivyo Novemba 2010 serikali ya Marekani ilikamata majina ya tovuti zaidi ya 80 kwa madai ya uharamia na bidhaa bandia, na miongoni mwake zilikuwemo blogu mbili za hip hop, Dajaz1 na OnSMASH. Mwenye Dajaz1 aliwaonyesha waandishi wa habari barua za watu wa kampuni za muziki wenyewe wakimpelekea nyimbo zile. Haikusaidia. Jina lilirudishwa Desemba 2011, baada ya zaidi ya mwaka, bila kesi kufunguliwa. OnSMASH lilirudishwa mwaka 2015. Hebu fikiria gazeti lako linafungwa mwaka mzima, kisha unaletewa ufunguo bila hata neno la pole.

Hiyo ilikuwa serikali. Serikali ina mahakama, ina wakili, unaweza kupiga kelele. Madalali walikuja kimya zaidi. Juni 2011 kampuni ya GroupM, iliyokuwa ikinunua matangazo mengi kuliko kampuni nyingine yoyote duniani, ilitoa orodha ya tovuti zaidi ya 2,000 ambazo fedha za wateja wake zisikanyage kwa sababu ya uharamia. Kampuni kubwa za filamu na muziki ndizo zilizosaidia kupendekeza majina. Katika majina yaliyotoka kwa Universal Music ilikuwamo Vibe, jarida lililoanzishwa na Quincy Jones mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikawamo pia ThisIs50, tovuti ya 50 Cent. Na 50 Cent alikuwa msanii wa nani? Wa Universal haohao! Baba anamfungia mwanawe duka kwa kosa la kuuza nyanya za shamba la baba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dalali ana nguvu ambayo mhariri hana. Mhariri akikataa makala yako anakuandikia, au angalau unamkuta ofisini umuulize kulikoni. Orodha haikuandikii. Siku moja mabango yako yanageuka kuwa ya dawa za kupunguza tumbo, siku ya pili hayapo, na wewe unabaki kujiuliza umemkosea nani. Blogu nyingi za aina ile zilinyamaza katika miaka iliyofuata. Sababu zilikuwa nyingi, muziki wenyewe ulihamia kwenye huduma za kusikiliza kwa ada ya mwezi, na msomaji akahamia Twitter na Instagram. Lakini kibanda kilichokatwa mabango hakikuwa na pumzi ya kusubiri mabadiliko hayo.

Kinyume chake alikuwepo Lee O'Denat, aliyeanzisha WorldStarHipHop mwaka 2005 na kufariki Januari 2017. Tovuti yake ilijaa video za watu wakipigana barabarani, na siitetei. Mara nyingi ilikuwa ni kumcheka maskini aliyeanguka. Kampuni zenye majina safi ziliogopa kukaa karibu nayo. Yeye akapata mlango mwingine: aliwatoza marapa chipukizi ili video zao zikae juu. Wengi wanamsifu kwa ujanja huo. Ninavyoona mimi, alimpunguza dalali akamgeuza msanii maskini kuwa ndiye mnunuzi wa tangazo. Kijana wa Atlanta anakopa kwa shangazi yake ili akae nusu siku juu ya video ya ngumi.

Baadaye orodha za tovuti zilipata ndugu, orodha za maneno. Mwenye tangazo anatoa maneno asiyoyataka, na mashine inaposoma makala na kuyakuta, inaondoa bango. Kuua, bunduki, maiti, risasi: unaelewa mwenye kuuza maziwa ya watoto kwa nini hataki kukaa hapo. Lakini mwaka 2020, George Floyd alipouawa na polisi Minneapolis, maneno yaliyoingia kwenye orodha yalikuwa pamoja na jina lake mwenyewe na jina la maandamano. Vice walieleza mwaka huo kwamba kurasa zao zilizohusu maandamano yale zilikuwa zikilipwa asilimia 57 chini ya habari nyingine, wakati ambapo ndizo zilizosomwa sana. Weka hilo kando ya redio za mwaka 1999 uone kama kuna kilichobadilika zaidi ya mtambo. Msikilizaji wa kushukiwa amekuwa neno la kushukiwa. Na rapu, jamani, ni sanaa iliyotengenezwa kwa maneno hayohayo. Mwambie mhakiki wa rapu asiandike polisi, asiandike bunduki, asiandike jela, halafu ahakiki nini, viatu? Naam, viatu. Rudi ukazisome zile orodha hamsini.

Mwaka 2021 upepo uligeuka. GroupM ileile, ambayo leo inaitwa WPP Media, iliwahimiza wateja wake watenge angalau asilimia mbili ya bajeti zao kwa vyombo vinavyomilikiwa na Weusi, na ikashirikiana na kampuni mpya iitwayo Group Black, iliyoundwa kuwakusanya wenye vyombo hivyo na kuwauzia nafasi zao. Dalali mpya, safari hii ndugu yetu. Sikatai nia njema. Ila mkono unaotoa asilimia mbili ni ule uliokuwa na orodha, na anayepewa kwa hisani ajue kwamba hisani haina mkataba. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Ningependa kujua walisema nini juu ya mkono unaojaa na kukauka kufuatana na habari za saa mbili usiku.

Kuhusu makato ya dalali nitapita haraka, maana takwimu zinachosha. Mwaka 2010 Google walitaja hadharani kwamba katika mabango ya kurasa wanampa mwenye ukurasa asilimia 68. Lakini bango la leo linapita mikono mingi kabla ya kufika. Mwaka 2020 chama cha watangazaji wa Uingereza, ISBA, na wahasibu wa PwC walifuata pesa hatua kwa hatua, wakakuta asilimia 51 tu ndiyo iliyomfikia mwenye ukurasa. Asilimia 15 hawakuweza kujua ilikwenda wapi. Wahasibu hao! Na Aprili 2025 hakimu Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho huko Virginia aliamua kwamba Google ilihodhi kinyume cha sheria soko la mitambo ya matangazo ya wenye kurasa na mnada wake. Dalali alikuwa anamwakilisha muuzaji, anamwakilisha mnunuzi, na mnada nao ni wake. Kariakoo mtu wa hivyo angekuwa ameshapigwa.

Wapo watakaonijibu kwamba fasihi haijawahi kuishi bila mlipaji. Ni kweli, na sisi tunaijua kweli hiyo kuliko Wamarekani. Muyaka aliishi karibu na Wamazrui wa Mombasa na tungo zake zikapigana vita vyao. Baada ya Azimio la Arusha Mwalimu aliwaita washairi wakamsaidie kulieneza, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikaingia mashuleni kwa nguvu ya wito ule. Lakini Mmazrui alikuwa na uso. Mnyampala alijua anatunga kwa ajili ya nani, nasi tunaosoma leo tunajua, na tunapima tungo zile tukiwa na habari hiyo mkononi. Wimbo unaosifu, mhakiki atasema unasifu. Je, orodha ya viatu hamsini utaipima vipi wakati aliyeilipia hajui kwamba ameilipia, kwa sababu mashine ndiyo iliyompeleka pale, na mwandishi hajui ni nani aliyelipa?

Na sisi huku? Tulikuwapo tangu mapema. Mwaka 1997 Mholanzi Thomas Gesthuizen alianzisha huko Uholanzi tovuti iliyoitwa Rumba-Kali, jina la Kiswahili kabisa, ambayo baadaye ikawa Africanhiphop.com, marapa wa Dar na Arusha, X Plastaz wakiwamo, walisomwa duniani kupitia humo wakati hapa nyumbani wengine walikuwa bado wanawaita wahuni. Haikujengwa na dalali, ilijengwa na mtu mwenye wazimu wa muziki. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu Tanzania alitakiwa atoe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni ya kuanzia na milioni moja ya mwaka. Ada zikaja kupunguzwa, lakini somo lilikuwa limeingia: mwenye blogu ya mashairi isiyoingiza kitu alifunga, na mwenye blogu ya umbeya yenye mabango alilipa akaendelea. Serikali na dalali hawakukaa kikao kimoja, lakini walichuja kwa chekeche lilelile.

Nayasema haya yote kwa sababu jarida hili limeletewa barua. Sitaitaja kampuni. Wanataka tupandishe hadithi na mashairi yetu mtandaoni, watufunge fungu moja na tovuti nyingine za vijana wa mjini, watulipe kwa kila elfu baada ya siku tisini, na kwa miaka miwili tusiuze nafasi kwa mtu mwingine. Kuna kifungu kinachowapa haki ya "kuupanga upya ukurasa kwa manufaa ya mtangazaji", na kingine kinachotaja orodha ya maneno ambayo haikuambatanishwa. Mhariri wetu anaelekea kukubali, na ninamwelewa. Toleo lililopita lilichapwa kwa michango ya mifukoni, na wawili kati yetu hawajamaliza kulipa. Mwenzetu mmoja kasema heshima haichapi jarida, na kikao kizima kikacheka, mimi nikiwemo.

Msimamo wangu ni kwamba tuuze nafasi zetu wenyewe kwanza, hata kama ni kwa fundi viatu wa mtaa wa pili na mama mwenye steshenari, watu ambao wanaweza kuja ofisini wakatuambia hadithi fulani imewakera na tukabishana nao uso kwa uso. Kama dalali lazima awepo, asipewe miaka miwili, apewe kurasa chache na ushairi asiuguse, kwa sababu siku atakapoona kwamba ubeti mmoja kwa ukurasa mmoja unalipa mara saba ya shairi zima, atakuwa na kifungu cha kufanya hivyo. Na orodha ya maneno isomwe mbele ya kikao, neno kwa neno, kabla ya kalamu kutoka mfukoni.

Katika kabati la mhariri kuna hadithi fupi ya dada mmoja wa Temeke, haijatoka bado. Ni ya mama anayetafuta maiti ya mwanawe mochwari baada ya msako wa polisi, na kwa hesabu yangu neno "risasi" limo mara tisa. Ndiyo kazi bora tuliyoletewa mwaka huu. Nimemwomba mhariri aipeleke hiyo kwa dalali kama mfano wa yale tunayoandika, kabla ya sahihi yoyote, tuone atairudisha ikiwa na bango gani.